Debe la Kaka

Mama yangu ana debe la bati ambalo hataki tulitupe. Zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia. Kingo zake zimeshika kutu, na ubavu mmoja umebonyea vishimo vingi vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Vishimo hivyo ni kazi ya kaka yangu. Kila msimu wa mpunga alikuwa akilipiga usiku kucha kwa kigongo cha mkongo, akiwa juu ya dungu, tangu ana miaka 14 mpaka usiku wa mwezi kumi na saba, Mfungo Sita, siku tano baada ya Maulidi ya mwaka 2003. Usiku huo alilipiga mara tatu, halafu akanyamaza.

Kwa asiyelijua bonde la Rufiji, nieleze kwanza kuamia ni kazi gani. Dungu ni kibanda cha miti na makuti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu kuliko mtu, na kukipanda ni kwa ngazi. Watu hulijenga shambani mpunga unapobeba mimba, wakahamia huko na vyungu vyao na mikeka yao mpaka mavuno yaishe. Mchana wanaoamia ni watoto, wakifukuza ndege, tumbili na nyani. Usiku ni zamu ya wakubwa, na mgeni wao ni nguruwe pori. Kiboko huja mara mojamoja. Tembo akija ni msiba wa mwaka. Lakini nguruwe huja kila usiku, na haji peke yake. Huja na mke, watoto na wajukuu. Anaulaza mpunga, anaukanyaga, anayatafuna masuke na kuyatema makapi, na akitosheka hapo anaingia kwenye mihogo na kuing'oa shina baada ya shina. Kaya ikisinzia usiku mmoja inaweza kuamka haina chakula cha miezi mitatu. Nimemwona mwanamke mzima amekaa chini katikati ya shamba lake alfajiri, ameshika bua moja la mpunga, hasemi kitu.

Silaha yetu ilikuwa kelele. Upande wetu wa bonde kulikuwa na madungu sita, na usiku watu waliitana: "Mko macho?" "Tuko macho!" Sauti ilitoka dungu moja ikaenda la pili, ikazunguka mpaka ikarudi ilikoanzia. Mimi nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, nikilala na mama kwenye dungu la upande wa mto. Kaka alikuwa upande wa msitu, hatua kama 200 kutoka kwetu. Tulikuwa na lugha yetu ya debe. Akipiga mara moja, yuko macho. Mara mbili, amesikia kitu. Mara tatu, wameingia kwake. Kwa kawaida baada ya hayo matatu yalifuata mapigo yasiyo na hesabu pamoja na matusi, maana kaka aliwatukana nguruwe kwa majina ya ukoo wao wote, na bonde zima lilikuwa likicheka gizani. Usiku ule yalikuja matatu, na baada yake hakikuja kitu. Mama akaita. Akaita tena kwa jina lake kamili, lile alilopewa siku ya akika, ambalo hakuna mtu aliyekuwa akilitumia. Saa mbili ya usiku ilikuwa haijafika na mwezi ulikuwa haujatoka.

Tulichokiona kulipokucha sitakisimulia. Nitasema tu kwamba waliobeba jeneza kwenda makaburini hawakuhitaji kupokezana.

Matanga yalikuwa ya siku tatu. Siku ya nne mama alirudi shambani, kwa sababu mpunga haukai matanga, na nguruwe walikuwa wameshapita usiku wote ule tuliokuwa tukisoma hitma. Alikuta robo ya shamba imelazwa. Alivuna iliyobaki. Alivuna akilia, na wanawake wa madungu mengine wakaacha mashamba yao wakaja kuvuna naye. Nawakumbuka kwa hilo kuliko kwa pole zao zote.

Babu yetu, mzaa mama, alikuwa msasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nyayo husomwa pande mbili. Nilikuwa na miaka minane, ametuchukua mimi na kaka kutazama mahali nyati walipovuka mto. Kaka akaanza kuzifuata kuelekea walikokwenda. Babu akanishika bega, akanigeuza. "Wewe njoo huku, mjukuu wangu. Huko mbele yuko nyati, na sisi leo hatumtaki. Twende tuone ametoka wapi, alilala wapi, na nini kimemfukuza." Tukatembea asubuhi nzima kinyume, mpaka tukafika kwenye dimbwi lililokauka, matope yake yamepasuka vipande vipande. Babu akalionyesha kwa kidole bila kusema neno.

Sasa ni zaidi ya miaka 20 nazifuata nyayo za usiku ule kinyume.

Nyayo za kwanza ni za simba aliyemchukua kaka, na zilikuwa juu ya nyayo za nguruwe. Tuliziona sote. Mapigo matatu ya kaka yalikuwa ya kweli: nguruwe waliingia, na simba alikuwa nyuma yao. Kaka alishuka kuchochea moto. Simba hakuja bondeni kutafuta watu. Alifuata kitoweo chake usiku, akamkuta kijana amesimama chini karibu na kuni. Mwaka 2005 watafiti wanne, Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, walichapisha hesabu ya watu walioshambuliwa na simba Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004: waliouawa hawakupungua 563. Mashambulio yalipanda wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, watu wanapolala mashambani kuwaamia nguruwe, na yalikuwa mengi zaidi katika wilaya ambazo nguruwe wamejaa na wanyama wengine wa kuliwa na simba wamepungua. Niliisoma hesabu hiyo nikiwa Dar es Salaam, na nilipofika kwenye habari ya wanaolala mashambani nikaifunika karatasi. Sikutegemea kutukuta humo, katikati ya sentensi za kigeni.

Miaka sita baadaye ukatoka utafiti mwingine, wa mwezi. Packer na wenzake walipanga mashambulio ya miaka mingi kwa tarehe za mwezi wa angani, wakaona kwamba hatari kubwa iko katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, tena saa za kwanza za usiku. Mwezi ukiwa mpevu unatoka jua linapozama, usiku wote mweupe, na simba hapati windo vizuri. Zikipita siku mbili tatu, mwezi unachelewa, jioni inakuwa giza tupu, na simba ana njaa ya usiku kadhaa. Mwezi kumi na saba. Nilimpigia mama simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema wazee waliliita giza la jioni, na babu alikuwa akikataza mtu kushuka dunguni usiku wa namna hiyo kabla mwezi haujatoka. Nikamuuliza kwa nini sisi hatukukatazwa. "Aliyekuwa akikataza alikuwa amekufa," akasema. "Na mimi nilikuwa nafikiria mpunga."

Hilo ni moja ya mambo tuliyopoteza, na sijui niliweke wapi, maana hakuna aliyelizika. Babu alifariki mwaka 1993. Tulimwosha, tukamswalia, tukamzika, na maarifa ya giza la jioni yakaondoka katikati yetu bila mtu yeyote kugeuka kuyatazama. Tulidhani tumempoteza mzee mmoja.

Aprili 2004, upande wa mashariki wa Rufiji, aliuawa simba ambaye alihesabiwa kuua watu wasiopungua 35 katika vijiji vinane, kwa muda wa miezi kama 20. Alipopasuliwa kichwa alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Watu wa kwetu wanasema ndiye aliyemchukua kaka. Mimi sikuchangia mazungumzo hayo, ila jipu lile limenikaa moyoni. Mwenye kuumwa jino anajua lilivyo usiku. Inasemekana maumivu yale huenda ndiyo yaliyomfanya atafute nyama laini, na wapo wanaobisha, wanaosema simba wengine wala watu walikuwa na meno mazima. Mimi sina ujuzi wa kuamua. Najua tu kwamba siku niliyosikia habari za jino lile, chuki niliyokuwa nikiitunza ilipoteza mahali pa kukaa, na nilikasirika kunyang'anywa chuki yangu.

Nikamkumbuka babu na gobore lake. Lilikuwa refu kuliko mimi, na mdeki wake wa chuma, na pembe ndogo ya kuhifadhia baruti. Alilijaza kwa mpangilio uleule siku zote: baruti, kitambaa, vipande vya chuma, kitambaa tena, akashindilia, fataki ikawa ya mwisho. Alisema Bismillahi kabla ya kufyatua, na moshi ukiwa haujatawanyika alikuwa ameshaanza kukimbia. Mzee wa zaidi ya miaka 60 akikimbia porini na kisu mkononi, kwa sababu mnyama ambaye kisu hakikumkuta na roho babu hakumla, wala hakumruhusu mtu wa nyumba yake amle. Masheikh walimweleza kwamba windo lililotajiwa jina la Mungu wakati wa kufyatua lina hukumu yake, asijichoshe hivyo. Aliwasikiliza kwa heshima, akaendelea kukimbia. Niliwahi kumwona akimwacha pofu mzima porini, nyama ya kulisha kijiji, kwa kuwa alichelewa hatua chache.

Kwenye kitako cha gobore kulikuwa na mikato midogo ya kisu. Nilidhani ni hesabu ya wanyama aliowapata. Nikaihesabu, 11, nikashangaa kwa uchache. Nikamuuliza.

"Hao ni walioondoka na chuma changu mwilini," alisema. "Niliwafuata mpaka nyayo zikanipotea. Wengine walikufa siku hiyohiyo. Wengine waliishi na jeraha, wakawa wabaya kwa watu wengine. Hao nadaiwa."

Nafikiri babu angeweza kukaa karibu na simba yule wa jipu, akamtazama mdomoni kwa muda mrefu. Najua pia kwamba angempiga risasi. Kwake mambo hayo mawili hayakugombana.

Nguruwe alimwinda kwa namna nyingine, bila kukimbia, kwani hakuna wa kumchinja. Kwetu ni Waislamu, nguruwe haliwi, hata jina lake watu hawapendi kulitaja wakiwa wanakula. Baruti ilikuwa ghali na chuma kilichompiga nguruwe hakikurudisha hata mchuzi. Mzoga ulibaki palepale, tai wakaushukia. Hata hivyo babu alitenga sehemu ya baruti yake ya mwaka kwa ajili ya mashamba ya watu. Mpunga ukianza kuchanua alikuwa anazunguka, usiku mmoja dungu hili, usiku mwingine lile, na baada ya mavuno kila kaya ilimletea pishi mbili au tatu. Wakati mwingine aliwakusanya vijana, wakatandika nyavu ukingoni mwa kichaka, mbwa wakaingia upande wa pili, na siku hiyo nguruwe walipungua kwa namna ambayo bonde lilipata kupumua mwezi mzima. Ni kazi isiyo na sifa. Nyati ana hadithi, simba ana ngoma yake, aliyemuua chui anapokewa kwa vigelegele. Aliyekesha akaua nguruwe watatu anarudi nyumbani ananuka tope na moshi, anaoga, analala. Watu wanakula wali mwaka mzima bila kumkumbuka.

Babu alipofariki, gobore lilipelekwa kwenye ofisi moja kwa sababu leseni ilikuwa ya jina lake. Ilitakiwa barua, kisha barua ya barua, kisha ada, kisha mtu aende tena na tena, na nauli zikawa nyingi kuliko thamani ya kile kipande cha chuma. Mjomba alikwenda mara nne, mara ya tano hakwenda. Sijui gobore lile liko wapi leo, na mikato yake 11. Kaka, mjukuu wa kwanza wa kiume, alirithi debe.

Siwezi kuishia hapo, kwani nyayo haziishii hapo. Ingekuwa rahisi kusema kwamba tulinyang'anywa bunduki na nguruwe wakajaa. Lakini ule utafiti wa kwanza ulisema pia kwamba wanyama wengine walikuwa wamepungua, na nikijiuliza waliokuwa bondeni walikwenda wapi, jibu liko kwenye vyungu vyetu. Funo, kuro, palahala, swala: nimewala wote kabla sijafika miaka kumi. Babu aliwapiga, na wengine wasio na kisu wala hesabu ya madeni waliwatega kwa nyaya, usiku na mchana, wakawauza njiani. Nasi tulinunua. Tuliwamaliza wote tuliowapenda, tukabaki na yule tusiyemla. Simba naye akabaki na huyohuyo. Ndipo njia yake na yetu zikawa moja.

Rudi nyuma zaidi. Kwa nini tulilala mashambani, mbali na nyumba? Zamani Warufiji wengi waliishi bondeni humohumo, nyumba zimesambaa kati ya mashamba, moshi kila upande, mbwa kila mahali. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia watu juu, kwenye vijiji vya ujamaa, wapate shule, zahanati na maji. Vilipatikana, mimi mwenyewe nimesoma katika mojawapo. Lakini mpunga haukuweza kuhamia mlimani. Ulibaki bondeni, na bonde lisilo na nyumba likawa la wanyama kwa miezi kadhaa ya mwaka. Dungu ambalo zamani lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni likawa safari ya saa nzima au mbili.

Na kusini kwetu, upande wa Liwale, mstari ulichorwa mapema zaidi. Katika miaka ya 1940 maelfu ya watu waliondolewa kwa sababu ya malale na tembo, na ardhi yao ikaingizwa katika pori la akiba la Selous. Bwana Nyama wa huko, Ionides, ambaye watu walimjua pia kwa nyoka aliowakamata, aliamini kwamba watu wakae upande mmoja na tembo upande mwingine. Alikufa mwaka 1968, akazikwa ndani ya pori hilo. Namtaja kwa kuwa aliupenda mstari huo mpaka akalala upande wa wanyama. Ila mstari uko kwenye karatasi. Nguruwe hajui kusoma ramani, na anayemfuata nguruwe pia hajui.

Kwa sheria yetu wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, wawe wamesimama kwenye pori la akiba, ardhi ya kijiji au shamba la mtu. Afrika Kusini ni tofauti. Huko, tangu sheria ya mwaka 1991, mwenye ardhi aliyezungushia uzio wa kutosha anaweza kummiliki mnyama kama anavyomiliki ng'ombe. Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kila nchi imejaribu kujibu swali la mnyama ni wa nani. Nilipoisoma sheria ya kwetu nilikaa kimya kidogo. Simba aliyemchukua kaka yangu alikuwa mali ya umma, na mimi ni umma. Nilikuwa na fungu langu dogo ndani yake.

Simba huyo akiwa ndani ya kitalu cha uwindaji, alikuwa na bei, leseni, na safari ya siku 21 ya kumtafuta. Jirani yetu mmoja alikuwa mfuata nyayo katika kambi ya wawindaji wa kitalii kwa misimu mingi. Alinisimulia habari ya mgeni mmoja aliyempiga simba dume siku ya kumi na nane. Wenzake wakaanza kupeana mikono. Mgeni akakaa chini majanini, akaweka kiganja kwenye manyoya ya shingo, akalia, akawaomba wasipige picha kwanza. Jirani yangu alisimulia akitegemea nitacheka. Sikucheka. Nilimwona mtu yule. Nilitamani kumuuliza ni nini alichokuwa amekipoteza pale, alichokuja kukitafuta kutoka mbali hivyo, na kama kilikuwa na jina katika lugha yake.

Ninachokionea uchungu ni jinsi mizani ilivyokaa. Uwindaji wa simba una vitabu, ada, mgao, na wataalamu wa kupima umri wa dume kwa rangi ya pua. Uwindaji wa nguruwe, ambao ndio ungemweka kaka hai, haukuwa na mtu. Hakuna mgeni anayelipa siku 21 kwa ajili ya mnyama aliyeula mpunga wa mama yangu. Kazi hiyo ilibaki kwa vijana wenye madebe.

Sasa hata vitalu vingi vya upande ule havipo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Wala tembo si wale wa babu. Katikati ya miaka ya 1970 Selous na mapori yanayoizunguka vilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilipata 13,000 na kidogo. Mama aliwahi kukesha akiwaapiza tembo. Siku hizi akisikia redio inataja pembe za ndovu anapunguza sauti, na mara moja nilimsikia akisema peke yake kwamba zamani bonde lilikuwa na kishindo, ukilala sikio chini unasikia watu wazito wanapita.

Mwaka 2011 zilitoka kanuni za malipo kwa waliodhuriwa na wanyama wakali. Aliyeliwa mazao analipwa kifuta jasho. Aliyefiwa analipwa kifuta machozi, na kwa roho ya mtu kiasi kilichowekwa kilikuwa shilingi milioni moja. Kaka alikuwa amekufa miaka minane kabla, kwa hiyo hatukuwa na fomu ya kujaza. Nilimweleza mama hata hivyo. Nilitaka ajue kwamba jambo hilo sasa lina jina na kanuni, kwamba kuna mahali mtu ameketi akaliandika. Alikuwa anapepeta mchele. Aliuliza, "Yanafutwa mara moja?" Nikamwambia ndiyo, mara moja. Akaendelea kupepeta. Waliolichagua jina lile naamini walikuwa na huruma, maana hawakuliita fidia. Walijua kwamba mtu hafidiwi. Lakini machozi ya mama hayajawahi kuwa ya siku moja. Huja msimu wa masuke, jioni, mwezi unapochelewa.

Mwaka jana nilikwenda kumsaidia kuvuna. Amezeeka, anaamia kidogo tu, na mpunga wake uko karibu na barabara ambako nguruwe hawafiki sana. Wanunuzi wa Mbagala walikuja na pikipiki na magunia yao. Wao hununua kwa debe. Mama akatoa lile la kaka.

Mnunuzi mmoja, kijana mwerevu, akaligeuza akaliona ubavu. "Shikamoo mama. Samahani, debe hili limebonyea. Halijai debe."

"Marahaba mwanangu. Najua," mama akasema.

Akajaza, akasawazisha juu kwa kiganja. Kisha akachukua kibaba chake cha mbao, akachota kimoja, akamwongezea. Baada ya hapo akatumbukiza mkono kwenye rundo, akafumba konzi, akaongeza, na konzi nyingine. Kijana akasema basi mama, inatosha. Mama akatikisa kichwa. Ameshalipima, siku nyingi, peke yake, kwa debe zima la jirani. Anajua vishimo vile vinachukua kiasi gani: kibaba kimoja na konzi mbili. Akamfungia gunia, akaanza kujaza debe la pili.